Jumamosi saa 9 Raskazone: kwa nini picha zako zinatoka kijivu

Swali:

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, naishi Makorora. Mwaka jana nilinunua kamera iliyotumika, imekuja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Harusi sizitaki, napenda mandhari, miti, ndege, bahari. Tatizo langu ni mahali. Wenzangu waliopangiwa Lushoto na Arusha wana milima na maporomoko ya maji, sisi huku nchi imelala kama mkeka. Kila Jumamosi nikishafua na kupika napanda daladala hadi Raskazone, nafika kama saa 9. Picha zinatoka nyeupe juu, kijivu chini, na mara nyingi maji yamekupwa kumebaki tope na mawe. Mmoja kaniambia ninunue lenzi ndefu. Mwingine kasema Tanga hakuna kitu, nifunge safari ya Lushoto. Ziko sehemu gani nzuri hapa ambazo mwanamke peke yake, bila gari, anaweza kufika? Na kibali je?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limebeba maswali manne, na lile ulilolitanguliza, la mahali, naliona ndilo jepesi kuliko yote. Mahali unapo, tena unakwenda kila wiki. Kinachokuangusha ni saa unayofikia, na pengine lenzi yako ina ugonjwa, nitakueleza chini.

Nianze na maji. Unasema mara nyingi unakuta yamekupwa. Ningekuwa na orodha ya Jumamosi zako zote ningeweka dau kwamba ni Jumamosi moja ndiyo, inayofuata hapana. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, lakini kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana, maana inaufuata mwezi, na mwezi nao huchelewa kuchomoza vivyo hivyo. Zidisha kwa siku 7: karibu saa 6, na huo ndio muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Kwa hiyo anayekwenda pwani siku moja ya wiki, saa ileile, anakuta bahari mbili zikipokezana. Wewe umezikumbuka Jumamosi za tope kwa kuwa ndizo zilizokuudhi.

Sasa liko jambo ambalo mtoto wa mvuvi wa Sahare analijua kabla hajajua kusoma, na wapigapicha wengi wa mjini wanazeeka hawalijui. Pwani hii, bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa mnamo saa 10, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa mnamo saa 4, ya asubuhi na ya usiku. Maji mafu, ya nusu mwezi, ni kinyume: yanajaa mnamo saa 4 na kupwa mnamo saa 10, tena kwa uvivu. Bamvua inaweza kupanda na kushuka mita 3 na ushei. Maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo lile tope lako la saa 9 ni la maji mafu, bahari ilijivuta kidogo tu. Ukitaka kuiona imekwenda kweli, hadi majani ya baharini yamelala chini kama nywele zilizolowa na miamba iko wazi, nenda siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, saa 4 asubuhi. Mandhari ni ya ajabu. Mwanga, lakini, utakuwa umeshaharibika.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa Kiislamu maji yamejaa saa 10. Jua linatua kama saa 12 na nusu. Katika saa mbili na nusu hizo bahari imekuwa ikirudi taratibu, mchanga umebaki umelowa unameremeta, na upande wa mashariki mwezi unachomoza mzima wakati jua linazama nyuma yako. Siku hiyo usiniambie Tanga hakuna kitu. Ukitaka mawe na mizizi viwe wazi machweo, hesabu siku ya 9 hadi ya 11 ya mwezi wa Kiislamu: maji yanakupwa karibu na magharibi. Ukitaka maji yaguse mizizi ya mikoko saa hiyohiyo, subiri kama siku ya 18. Dakika kamili zitazame kwenye jedwali la maji la mwaka, au kwenye programu yoyote ya simu inayoonyesha kupwa na kujaa. Ila kwa kupanga wiki yako, kalenda ya msikitini inatosha kabisa.

Jua nalo lina hesabu yake. Tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na jua letu linapanda wima kama mkwezi wa mnazi. Video nyingi za mafunzo zimepigwa Ulaya na Marekani, ambako jua linapanda kwa mshazari, na mtu anakaa na mwanga wa dhahabu saa nzima akinywa kahawa. Sisi tunapata dakika kama 25 baada ya kuchomoza, na kabla yake dakika 20 hivi za mwanga wa alfajiri, ule wa buluu na waridi. Basi. Jioni ni hivyo hivyo kinyumenyume. Saa 9 yako jua bado liko juu, hewa ya pwani imejaa mvuke na chumvi, mwanga unatawanyika humo na mbingu inakuwa nyeupe kama chokaa. Kamera yako inapima wastani wa fremu nzima. Ikiona tope jeusi nusu ya picha inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na mbingu inaungua. Wewe unaona kijivu chini na weupe juu, unasema mahali ni pabaya.

Dawa ya kwanza haina gharama: shusha kipimo cha mwanga hatua moja chini ya sifuri, na piga faili ghafi (RAW) badala ya zile zilizokwisha kubanwa (JPEG). Ya pili: siku ikiwa na mbingu nyeupe, iache mbingu nje ya picha. Inamisha kamera, piga mizizi, piga mistari ya maji kwenye mchanga, piga kaa. Mwanga wa mawingu unaokera ukipiga bahari ndio bora kuliko wote ukipiga vitu vya karibu. Ya tatu ni kuingoja siku inayofuata mvua kubwa. Vumbi na mvuke vimeoshwa, na asubuhi ukitazama magharibi unaiona Usambara imekaa pale, buluu, karibu kama ya kushika. Watu wengi wa Ngamiani wanapita mwaka mzima hawajainua macho kuiona.

Kuhusu tambarare, wenzako wa Lushoto wanakutania bure. Ni kweli mlima unampa mpigapicha tabaka bila jasho: bonde karibu, kilima katikati, ukungu nyuma. Ukisimama Irente nchi imeporomoka chini ya miguu yako, hata simu ya bei ya chini inatoa picha. Pwani haikupi hivyo. Tabaka unazijenga mwenyewe. Lazima pawe na kitu karibu sana, hatua mbili tatu kutoka kwako: ngalawa iliyoegeshwa, mzizi, nguzo ya gati la zamani, hata ndoo ya mvuvi. Halafu maji katikati. Halafu kisiwa au mlima mbali. Piga magoti. Ukisimama wima na kamera usoni, tope linachukua nusu ya picha. Ukishuka hadi kiunoni mwa ngalawa, ngalawa inakuwa mlima. Na usisahau kupanda: kwenye pwani iliyolala, mita 10 ni nyingi. Bustani ya Jamhuri, pale ukingo wa mji unapoinuka juu ya ghuba, inakuonyesha kisiwa cha Toten na vyombo vilivyotia nanga kwa namna ambayo ufukweni huipati. Ila kamera ielekeze kisiwani, si bandarini, sababu nitaisema.

Sasa sehemu zenyewe. Sitakupa orodha ndefu, maana orodha ndiyo inayowafanya watu wazunguke kumi wasiijue hata moja.

Ningekuanzisha Sahare. Inatazama mashariki, bahari ya wazi, kwa hiyo jua linatoka majini. Alfajiri kuna watu: wavuvi, wachuuzi wa samaki, mama anayekaanga mihogo. Kwa mwanamke peke yake na kamera, saa 12 alfajiri mahali penye mwalo, pale vyombo vya wavuvi vinapotua, ni salama kuliko saa 8 mchana kwenye ufukwe mtupu, ingawa wengi wanadhani kinyume. Kwenda, tafuta bodaboda unayemfahamu, mmoja huyohuyo kila mara, akusubiri au akurudie saa mliyokubaliana. Fika jua halijatoka bado, angalau nusu saa. Amkia watu kwanza, kamera ikiwa begani. Siku ya kwanza usipige mtu yeyote. Ya pili wapelekee picha iliyosafishwa ya chombo chao, siyo ya nyuso zao. Kuanzia hapo hutaulizwa tena.

Kusini kidogo iko Mwambani, na hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo nilipojifunzia. Kuna mchu mmoja, mti wa kawaida tu wa jamii ya mikoko, umejitenga na wenzake upande wa bahari. Nilipiga picha zake karibu mwaka mzima. Mizizi yake ya hewa imesimama kuuzunguka kama penseli zilizochomekwa, mamia. Siku ya bamvua, ukikaa pale maji yakianza kuja, tazama shina kwa makini: konokono wadogo wanaanza kupanda. Wanapanda kabla maji hayajafika, kana kwamba wameambiwa, wanasimama juu ya pale maji yatakapoishia, na maji yakirudi wanashuka topeni kula. Chini yao kaa dume wanapunga gando moja kubwa kuita majike, na kivuli chako kikiwapitia tu wote wanazama mashimoni kwa pamoja, unasikia mchakacho kama mvua ya matone machache. Ukae kimya dakika 10 watoke tena. Hapo hapo una mandhari, una viumbe, una mwanga wa asubuhi ukipita katikati ya mizizi, na hujahama hatua tano.

Hapo hapo pia ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nimetazama mbele tu, baharini, nikiona maji bado yako mbali. Sikujua kwamba maji hayaji kwa kunyooka kama mstari wa daftarini. Yanaingia kwanza kwa vijito, yanazunguka nyuma yako. Nilipogeuka, kijito nilichokivuka kwa hatua moja kilikuwa kimefika mapajani na tope lake halina sakafu. Tripodi niliipata, kiatu kimoja kipo huko hadi leo. Kijana aliyekuwa anachimba chambo alinivusha bila kucheka, ambalo lilikuwa baya zaidi. Kwa hiyo: jua saa ya maji kuanza kujaa, anza kurudi kabla yake, na ukivuka kijito chochote kukitazama kiwe kazi yako kila dakika 10. Vaa viatu vya kulowa, maana taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani na mwiba wake si wa mchezo.

Ndege wapo huko huko. Kuanzia Septemba hadi Aprili wanakuja wageni wa masafa, wale ndege wadogo wa miguu mirefu wanaokimbia Ulaya na Asia majira ya baridi, wanachokoa tope maji yanapokupwa. Yangeyange wapo mwaka mzima. Kwa lenzi yako fupi huwezi kumjaza ndege kwenye fremu, usijaribu; mweke mdogo ndani ya mandhari kubwa, na kundi likiruka wewe uwe tayari.

Tongoni ni ya siku nyingine. Panda gari la Pangani kutoka mjini, mwambie kondakta akushushe, ni kama kilomita 17, kisha unatembea kuelekea baharini. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na 15, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Watu wanafika saa 6 mchana, wanapiga, wanaondoka na picha bapa za mawe meupe. Jiwe la tumbawe ni vitundu vitupu. Halionekani mpaka mwanga ulipige ubavuni. Asubuhi mapema au saa 11 jioni kila kitundu kinapata kivuli chake na ukuta mzima unafufuka. Kuna kiingilio na kuna msimamizi. Yale ni makaburi ya Waislamu, kwa hiyo usipande juu yake kutafuta fremu, wala usimpandishe mtu. Mibuyu ya njia ile ipige wakati wa kiangazi ikiwa haina majani. Ikishavaa majani inakuwa mti kama miti mingine.

Ukiendelea na barabara hiyo unafika Pangani. Vuka mto kwenda Bweni, panda kilimani, utazame nyuma: mji, mdomo wa mto, minazi, bahari. Hapo unatazama kaskazini, na hili lina maana. Mwezi Juni jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo unapiga dhidi ya mwanga. Desemba liko kusini, mgongoni mwako, na mji unawaka. Kwa ujumla mahali pa kuchomoza jua panahama kutoka Juni hadi Desemba kwa karibu nyuzi 47, yaani ngumi zako tano ukinyoosha mkono. Kisiwa kilicholiziba jua mwezi wa sita, mwezi wa kumi na mbili kitakuwa kimesimama pembeni. Ndiyo maana mtu akikwambia "nenda mahali fulani, nilipiga picha nzuri sana", muulize mwezi gani na saa ngapi kabla hujalipa nauli.

Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi njia ya Mombasa, nenda kwa ajili ya chokaa na giza, na upange kupiga kwa tripodi na tochi. Mkono mtupu hautatoa kitu. Lazima uongozane na mwongozaji. Kuna sehemu watu hufanyia matambiko. Mwulize kabla ya kuielekezea kamera. Mashamba ya mkonge ni mazuri kuliko yanavyosifiwa, ile mistari inayokimbia hadi upeo na milingoti yake iliyosimama dhidi ya mbingu ya jioni. Mmea wenyewe uliletwa mwaka 1893, na sura ya mkoa huu ilibadilika kwa ajili yake. Lakini ni mali ya watu: pita ofisi ya shamba uombe.

Na kama ni lazima upate mlima, huna haja ya Lushoto kwanza. Amani iko karibu zaidi: Muheza, halafu gari la kupanda. Kule juu, kama mita 900, upepo wa bahari uliobeba unyevu unasukumwa kupanda, unapoa, unageuka ukungu. Msitu hautaki jua kali. Jua likipenya kwenye majani linatoa madoa meupe na meusi yasiyo na mpangilio, picha inakuwa kama kitenge kibovu. Msitu unataka ukungu na mawingu. Kwa hiyo siku ambayo Raskazone ingekukatisha tamaa ndiyo siku ya Amani. Tazama mawe yenye kivuli na unyevu utafute lile ua dogo la urujuani ambalo dunia nzima inalipanda kwenye vyungu madirishani: kisayansi kwa muda mrefu liliitwa Saintpaulia, kwa jina la Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku aliyelipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Nyumbani kwake ni hapa. Lipige, usiling'oe. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, utalipa kiingilio na kuchukua mwongozaji. Hii ni safari ya kulala, si ya Jumamosi baada ya kufua.

Ukitaka kutafuta sehemu zako mwenyewe, zisizo kwenye jibu langu, usipoteze asubuhi nzuri kwa kutafuta. Tafuta saa 6 mchana, wakati kamera haina kazi. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, fuata ukingo wa maji kwa kidole, uangalie pale ufukwe unapopinda, pale mto unapomwaga, pale njia ya miguu inapoishia majini. Kisha nenda kwa miguu na daftari. Andika bahari iko upande gani, kuna nini cha karibu, kuna njia ya kutokea. Ukikuta mgema au mvuvi, usimwulize "wapi pazuri?", atakupeleka hotelini. Mwulize bamvua inafika wapi, au mkungu upi wa mnazi hukaliwa na ndege. Na ukitaka kujua jua limebakiza muda gani, nyoosha mkono, weka vidole vinne chini ya jua: kila kidole kati ya jua na upeo ni kama robo saa. Kwa kuwa jua letu linashuka wima, kipimo hiki kwetu hakidanganyi sana.

Lenzi ndefu? Ningekushauri ungoje. Ingesaidia kwa ndege na kwa kuisogeza Usambara, lakini kwa mandhari ncha ya 55 ya lenzi yako inatosha kuukuza mlima, na ukitaka upana unapiga picha tatu nne za kupishana kidogo na kuziunganisha. Ukiwa na hela kidogo nunua tripodi imara na filta ya polaraiza, ile ya kuzungusha. Inakata mng'ao wa maji na majani, hasa ukiwa umesimama na jua ubavuni. Sio ya kuacha muda wote, maana inakula mwanga.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi usiku wa leo. Ivue lenzi, zima taa, imulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja na utazame kutoka upande mwingine. Ukiona kitu kama utando wa buibui au ukungu wa maziwa ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, na ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizotumika huku pwani, zikikaa kwenye begi lenye jasho kabatini. Fangasi inatawanya mwanga ndani ya lenzi, na matokeo yake ni hasa hayo unayoyalalamikia, kila kitu kijivu hata mwanga ukiwa mzuri. Usiifungue mwenyewe kwa bisibisi na pamba. Mpelekee fundi wa kamera anayeifungua mbele yako. Wapigapicha wa studio za mjini wanajua nani anafanya kazi safi. Ikiwa imeshakula kioo, atakwambia, na hapo lenzi nyingine kama hiyo iliyotumika ni nafuu kuliko matengenezo. Baada ya hapo ihifadhi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wanaokwambia uizike kwenye mchele wanakupa vumbi la mchele. Ukitoka baharini futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, siku hiyohiyo.

Kibali. Kwa picha zako mwenyewe ufukweni na njiani, adabu inatosha. Usielekeze kamera bandarini, kwenye kambi, kituo cha polisi, daraja lenye ulinzi, wala Chongoleani kwenye eneo la kituo cha bomba la mafuta. Hata kama ulikuwa unapiga machweo, kueleza hivyo kutakuchukua siku nzima. Ndege nyuki (droni) ni habari nyingine kabisa, inataka ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara inayohusika na ulinzi, usikubali kuazimwa. Siku utakapopata mteja anayelipa, uliza upya kila lango, kwa kuwa picha ya biashara ina viwango vyake. Na usitoke kwa ngalawa kwenda visiwani bila kusikiliza taarifa ya hali ya hewa na bila nahodha anayejulikana pale mwaloni, hasa wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini.

Mwezi ukiandama safari hii, andika ukutani tarehe ya 14 yake. Siku hiyo wape watoto kazi za kufanyia nyumbani mapema, uwe Sahare saa 11 jioni na mwenzako mmoja, mgongo kwa jua. Maji yatakuwa yanarudi. Piga ule mchanga uliolowa, halafu tulia, usiondoke jua likizama kama wanavyofanya wote.

Unisalimie Makorora. Na ile tochi, usiku wa leo.